Siku Tisa Baada ya Waranti

Waranti ya giaboksi yangu ilimalizika tarehe 8 Novemba. Gari ikafa tarehe 17, saa moja na nusu asubuhi, kabla hatujafika Ole, hapa Pemba, na mama yangu amekaa kiti cha nyuma na kadi yake ya kliniki mkononi. Nilikanyaga mafuta, injini ikaunguruma, gari haikwenda. Nikatia gia ya nyuma, ikakubali kidogo, kisha nayo ikaacha. Tukakaa kando ya barabara chini ya mikarafuu, tukingoja mtu wa kutuburuza kwa kamba hadi Chake.

Fundi hakuchukua muda mrefu. Alivuta kipimo cha oili, akaingia ndani akajaribu gia zote, akatoka akanitajia bei: shilingi 1,550,000. Ni bei ileile niliyomlipa Agosti. Nilipomkumbusha kwamba giaboksi hiyo ameifunga yeye na haijatimiza hata miezi minne, aliniomba risiti, akaweka kidole juu ya maandishi ya mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya buluu: Waranti miezi 3.

"Imepita siku tisa, shemegi," akasema. "Ingekuwa wiki iliyopita ile, ningeifanya bila ya neno."

Nami nikanyamaza. Nilimwambia nitamrejea, nikatafuta daladala, nikampeleka mama kliniki akiwa ameshachelewa.

Kunyamaza kule ndiko kunakonifanya niandike haya. Fundi huyu ni mume wa mtoto wa mama yangu mdogo. Pilau ya harusi yao nilisimamia mimi. Watoto wao wawili wamepita darasani kwangu. Akifiwa, mimi ni wa ndani, na mimi nikifiwa, yeye ndiye atakayekuwa anapanga viti na kutafuta maturubali. Mtu wa namna hiyo humdai vipi? Sisi tuna neno letu, muhali, na kila Mzanzibari ameshalipa gharama yake kwa njia moja au nyingine. Unaona muhali kumkatalia mtu. Unaona muhali kumuuliza bei kabla ya kazi, kumwambia aandike, kumwambia hii kazi haikukaa sawa. Mimi naupenda muhali wetu, ndio uliotufanya tukaishi mlango kwa mlango miaka yote hii bila ya kufikishana polisi kwa kila jambo dogo. Lakini katika mambo ya fedha na spea, muhali wangu ulikuwa umeshanigharimu milioni moja na nusu, na sasa unataka nyingine.

Gari yenyewe ni Toyota Noah, iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu kama magari mengi ya hapa. Niliinunua Unguja, ikavuka kwa meli hadi Mkoani. Asubuhi hubeba watoto saba wa mtaani kwetu Wete, nawashusha skuli kisha nakwenda kwenye yangu. Jumamosi na Jumapili huikodisha kwa harusi na misiba, na msimu wa karafuu hubeba watu na vyakula kwenda kambini. Ndiyo inayomalizia mwezi pale mshahara unapokatikia. Kwa hiyo gari ikilala gereji, kwangu hata jikoni panajua.

Agosti ilianza kuteleza. Unakanyaga, mshale wa mzunguko wa injini unapanda, gari inabaki palepale kama mtu aliyevaa ndara kwenye tope. Barabara zetu za Pemba ni kupanda na kushuka, tofauti na Unguja, na gari ya automatiki yenye giaboksi mbovu huaibika mlima wa kwanza tu. Nikampelekea shemegi. Akasema giaboksi imekwisha, tutafute nyingine ya mtumba, ziko Unguja. Giaboksi 1,300,000, ufundi 200,000, oili 50,000. Nikatoa fedha za kikoba na nyengine nikakopa kwa mwalimu mwenzangu. Giaboksi ikaja kwa meli, akaifunga kwa siku mbili, akanipa risiti yenye jumla, tarehe 8 Agosti, na yale maneno matatu ya waranti. Gari ikawa inakwenda kama siagi. Nikamwombea dua.

Sikumuuliza ile ya mwanzo ilikufa kwa sababu gani. Yeye pia hakuniambia. Tulichukulia wote wawili kwamba giaboksi ni kitu kizee na kizee hufa.

Wiki ya nane ikaanza kushtuka. Ilipokuwa inatoka gia ya pili kwenda ya tatu, ilipiga kikumbo kidogo, kama mtu aliyekusukuma mgongoni kwenye foleni. Watoto nyuma wakawa wanacheka kila ikifanya hivyo. Nikamtumia shemegi ujumbe wa sauti, akanambia nipite Jumamosi. Nilipokwenda, alivuta kipimo, akakifuta kwa kitambaa, akaongeza oili nusu lita. "Ya mtumba ina tabia zake," akasema, "itazoea." Nikamlipa 15,000 kwa simu, nikaondoka. Hakuandika kitu, nami sikumwambia aandike. Kile kitambaa nilikiona. Oili ile ilikuwa na rangi ya waridi. Nilijua oili ya giaboksi huwa nyekundu, nikaona waridi na nyekundu ni ndugu.

Turudi Novemba, usiku wa siku ile. Mama alinikuta nimekaa jikoni sijawasha hata jiko. Nikamweleza, na nikamalizia kwa kusema: mama, nitamwambia nini, yule ni mkwe wa mama mdogo. Akaniuliza, "Kumuuliza mtu ni kumvunjia heshima?" Nikamwambia hapana. "Basi muulize. Hujenda kumtukana. Unamuuliza kitu chako kimekufa na nini."

Nikachukua daftari la mazoezi. Niliandika tarehe zote nilizozikumbuka, kisha nikafungua simu kutafuta zile nisizozikumbuka. Wazee husema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na mimi daftari langu, bila ya kujua, lilikuwa ndani ya simu. Ujumbe wa sauti niliomtumia ulikuwapo, tarehe 6 Oktoba, sauti yangu ikisema wazi kwamba gari inashtuka ikiingia gia ya tatu. Jibu lake lilikuwapo. Na ujumbe wa malipo ya 15,000 ulikuwapo, Jumamosi ileile, na jina lake. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo gereji nilikuwa silioni kwa hofu na aibu: gari ilikufa siku ya tisa baada ya waranti, lakini iliugua siku ya hamsini na tisa ndani ya waranti, na nilimpeleka mgonjwa kwake, na alimwangalia, na alichukua malipo.

Asubuhi nikampigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili sauti isinikimbie. "Shemegi, naomba gari isiguswe mpaka kesho. Nitakuja na mtu aiangalie kabla haijafunguliwa."

Akakaa kimya kidogo. "Huniamini?"

"Ningekuwa sikuamini ningeiburuza kwa mwengine. Nataka kujua kilichoiua."

Hilo la kutofunguliwa ni kubwa, na ningependa kila mwenye gari alishike. Giaboksi ikishateremshwa, oili imeshamwagwa, mabomba yameshafunguliwa, ushahidi wote umeingia kwenye mchanga wa gereji. Ukija na mjuzi baada ya hapo, ataona vyuma tu.

Mjuzi niliyempata ni mzee wa mtaani kwetu, fundi mstaafu aliyefanya kazi karakana ya serikali tangu enzi za Land Rover. Mimi humwita Ami. Sikumwomba anitetee, nilimwomba aangalie aseme anachokiona, kiwe kwangu au dhidi yangu. Alikubali kwa sharti moja: tufike asubuhi, injini ikiwa baridi.

Sharti lile nililielewa tulipofika. Hakwenda kwenye giaboksi. Alikwenda mbele, kwenye rejeta inayopoza maji ya injini, akafungua kifuniko (ambacho hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yake yatakuunguza uso), akatia kidole ndani. Kikatoka na utelezi, kama mtindi uliotiwa rangi. Akanionesha. Akamwonesha shemegi. Kisha akavuta kipimo cha oili ya giaboksi, akaitonesha juu ya karatasi nyeupe niliyokuwa nayo. Waridi, nzito, yenye povu, kama sharubati ya mapera iliyotiwa maziwa.

"Hii si oili," akasema Ami. "Hii ni oili na maji."

Akatueleza, na namshukuru kwamba alieleza kwa sauti ya kufundisha, bila ya kumgombeza mtu. Oili ya giaboksi ya automatiki hupata moto sana, kwa hivyo hutolewa kwa bomba hadi kwenye rejeta, ikapita ndani ya kijibomba kilichozamishwa katika tangi la rejeta, ikapozwa na maji ya injini, kisha ikarudi. Oili ndani ya kijibomba, maji nje yake, na kati yao ni ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta ule ukioza na kutoboka, vitu viwili ambavyo havitakiwi kukutana vinakutana. Oili inaingia kwenye maji, ndio ule utelezi. Na maji yanaingia kwenye oili, hasa unapozima gari, pale oili imeshaacha kusukumwa na maji ya moto bado yana presha. Ndani ya giaboksi mna diski ambazo uso wake umebandikwa kitu mithili ya karatasi ngumu. Zikilowa maji zinavimba, gundi inaachia, zinaanza kubanduka. Kwanza gari inashtuka. Halafu inateleza. Halafu haiendi.

Nilisimama pale nikaiona Oktoba yangu yote. Kikumbo cha gia ya tatu, kitambaa cha waridi.

Ami akauliza, "Ile ya mwanzo iko wapi?"

Shemegi akaonesha nyuma ya gereji, chini ya mwembe, kwenye lundo la vyuma. Ilikuwa bado ipo, imefunikwa gunia. Nitasema ukweli, mimi nisingeliwaza kuiuliza. Nilipolipa Agosti nilidhani nimenunua mpya na ya zamani haina kazi tena. Wakaigeuza vijana wawili, Ami akafungua nati ya chini ya kumwagia oili. Hakikutoka kingi, pengine kikombe kimoja. Kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia kwa kukaa, lakini ndani yake yale mapovu na ile waridi ilionekana, na harufu yake ilikuwa ileile.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mmoja wa wale vijana alimtazama bosi wake kisha akatazama chini.

Ami ndiye aliyesema. "Giaboksi ya mwanzo iliuliwa na rejeta. Mkaitoa, mkafunga ya pili kwenye rejeta ileile. Na mkifunga ya tatu leo, mtaonana tena Februari."

Shemegi alijitetea, na sehemu ya utetezi wake ilikuwa ya haki, lazima niiandike. Alisema yeye aliambiwa gari inateleza, akaona giaboksi imekufa, akabadilisha giaboksi. Rejeta haikuwa kazi aliyopewa. Alisema giaboksi ile hakuitengeneza yeye, aliinunua Unguja, na aliyemuuzia naye alimpa miezi mitatu, akishaipita hakuna mtu wa kumrudishia. Akatoa simu akanionesha ujumbe wa malipo: aliinunua 1,150,000. Kwa mimi alipata 150,000 juu yake na ufundi. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani mafundi wanatupiga nusu kwa nusu. Kumbe ile waranti ya miezi mitatu aliyoniandikia ni waranti aliyopewa yeye, ameinukuu tu. Ilikuwa haihusiani na kazi ya mikono yake hata kidogo.

Na hapo ndipo nilipoupata msimamo wangu, ambao usiku uliopita nilikuwa nautafuta bila ya kuupata. Nilimwambia: "Shemegi, mimi sikudai giaboksi ya mtumba idumu maisha. Ingekufa kwa uzee wake siku tisa baada ya waranti, ningekulipa na ningekushukuru. Lakini hii haikufa kwa uzee. Mimi nilikulipa unitafutie gari yangu ina nini. Na nilirudi ndani ya muda, ukanifungia safari kwa nusu lita." Nikamchezea sauti yangu ya tarehe 6 Oktoba. Nikamwonesha malipo.

Akasema, "Ile ilikuwa kuongeza oili tu."

"Kwa nini ilikuwa imepungua rangi?" akauliza Ami. Hapo shemegi hakujibu.

Nilikuwa pia na barua mkobani. Niliiandika usiku uleule, ukurasa mmoja, haina hata neno moja la hasira: tarehe ya kazi, kiasi, tarehe niliyoripoti, tarehe iliyokufa, ninachokiomba. Niliiandika kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar. Wengi wetu tukisikia mambo ya mlaji tunaifikiria Tume ya Ushindani, FCC, ile ni ya Bara. Huku tuna ya kwetu, na malalamiko ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu au huduma mbovu yana pa kupelekwa. Kabla ya hapo, bila ya shaka, ningepita kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, maana kwetu mambo mengi humalizikia pale barazani kwake na hapana aliyelazimika kupanda gari.

Sikuitoa barua ile kama fimbo. Nilimpa aisome. Nikamwambia, "Nimeiandika, sijaipeleka, na sitaki kuipeleka. Nataka tuelewane hapa." Aliisoma mara mbili. Nadhani kilichomgusa si Tume. Ni kuona mambo yake yamepangwa kwa tarehe, mstari chini ya mstari, na hakuna hata mmoja anaoweza kusema si kweli.

Tukakaa kwenye benchi la mbao, Ami katikati, tukagawana. Giaboksi nyingine ataitafuta kwa bei ya kununulia, 1,150,000, bila ya faida, na tutachangia nusu kwa nusu, 575,000 kila mmoja. Ufundi wake bure. Kusafisha mabomba yote ya oili hadi yatoke safi, juu yake. Rejeta, 280,000, yangu. Oili na kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye dawa, 90,000, zangu. Nikatoa jumla ya 945,000 badala ya 1,550,000, na safari hii gari ikapata rejeta ambayo ingeikosa.

Wapo walioniambia nilikuwa mjinga, ningelidai yote. Mwalimu mwenzangu yule niliyemkopa alikasirika kuliko mimi. Nimelifikiria sana na bado naona nusu ilikuwa haki, kwa sababu moja ambayo niliisema mbele yao wote pale kwenye benchi. Ami aliniuliza natia maji gani kwenye rejeta. Nikamwambia ya mfereji, na yakikatika, ya kisima. Miaka miwili. Sikuwahi kununua kulanti hata chupa moja, nikiona ni anasa. Maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu, na ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Ule ukuta mwembamba niliuozesha mimi, kidogo kidogo, kwa ndoo yangu. Shemegi alishindwa kuuona umeoza, hilo ni kosa lake. Kuoza kwenyewe ni kwangu. Nisingeweza kudai haki kwa nusu ya ukweli.

Kilichotuchukua muda mrefu kuliko fedha ni risiti mpya. Mimi nilitaka miezi sita. Hakukubali, na nilimwelewa, maana muuzaji wa Unguja hampi yeye sita. Tukabaki kwenye mitatu, lakini tukabadilisha maneno. Tuliandika tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, kitu gani kimefungwa na kitu gani kimeangaliwa. Kisha sentensi ambayo niliisimamia kama ninavyosimamia mtihani: Ubovu wowote utakaoripotiwa ndani ya miezi 3 utatengenezwa chini ya waranti hii hata ikiwa muda utapita kabla ya kumalizika matengenezo. Alisoma, akakuna kichwa, akasema, "Hii inanibana." Nikamwambia inatubana sote, maana na mimi nisiporipoti ndani ya muda sina neno tena. Akatia saini. Ami akatia saini ya shahidi.

Nimekuwa nikiwaambia wenzangu, hasa wanawake wenye magari, kwamba sentensi ile ina thamani kuliko kuongezewa miezi. Vitu vingi vya gari haviharibiki kwa siku moja. Huanza kwa mlio, kwa mtikisiko, kwa harufu, na fundi anayekwambia "itazoea" pengine anaamini hivyo kweli. Lakini siku zinakwenda wakati unangoja izoee. Ukishasikia kitu hukukielewa, mtumie ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo, hata kama ni ndugu yako, hata kama utamwona jioni msikitini au harusini. Andika gari inafanya nini, ukiwa wapi, kwa kasi gani. Salamu mwanzo, shukrani mwisho, katikati ukweli. Ujumbe wa namna hiyo haumvunjii mtu heshima. Na ukipelekwa spea iliyotolewa, itazame. Muulize imekufa na nini, na akisema uzee, muulize umeujuaje.

Gari ilitoka tarehe 4 Disemba. Katikati ya msimu wa karafuu, wiki mbili na zaidi bila ya gari ni hasara ambayo haimo katika ile hesabu ya 945,000, na hakuna aliyenilipa. Watoto wa asubuhi waligawanywa kwa majirani, wawili hawakurudi kwangu.

Lakini lililoniuma zaidi ni mtoto wa mama mdogo. Mkewe shemegi. Kwa wiki tatu hakunipigia simu. Kwenye khitma ya jirani tulikaa jamvi moja akawa anazungumza na kila mtu isipokuwa mimi. Alikuwa amesikia kwamba nimemwandikia mumewe barua ya serikali. Sikutaka kumpigia nijieleze kwa simu. Nilikwenda kwake alasiri moja, na lile daftari, nikamsomea tangu mwanzo, ikiwa ni pamoja na ile ndoo yangu ya maji ya kisima. Alisikiliza anachambua mchicha. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hivyo barua hukuipeleka?" Nikaitoa, nikampa, ilikuwa ile ile na mikunjo yake. Akaiweka chini ya sinia. Akanambia nisubiri chai. Mandazi yalikuwa ya jana, nayala mpaka leo kwa moyo nikiyakumbuka.

Mwezi wa Februari, ule ambao Ami aliutaja, nilipita gereji kuangalia oili. Nyekundu, safi, inaonesha upande wa pili wa karatasi. Maji ya rejeta kijani, hayana utelezi. Shemegi aliandika kilomita kwenye risiti yangu bila ya kuambiwa, kisha akaniomba ningoje. Akatoa ndani ya droo kitabu kipya cha risiti, ameshachapisha, na karatasi moja ya mkono ambayo alikuwa bado hajaipeleka kwa mchapishaji.

"Mwalimu," akasema, safari hii hakuniita shemegi, "hebu niangalizie maneno. Nataka yawe nyuma ya kila risiti."

Nikatoa kalamu nyekundu. Alikuwa ameiandika sentensi yetu ya ubovu ulioripotiwa, na makosa mawili ya tahajia. Nikayasahihisha. Chini yake alikuwa ameongeza mstari mwengine wa kwake mwenyewe: Spea iliyotolewa mwenye gari ataoneshwa, na ataambiwa sababu. Huo haukuwa na kosa. Nikamrudishia karatasi.